Ukuta wa Kitanda cha Nne

Sista alikaa ng'ambo ya meza mbili zilizounganishwa, mita mbili na ushei kutoka kwa Mkaguzi, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Kilichoonekana vizuri ni mikono yake. Ngozi ya vifundo ilikuwa imepasuka kwa kuoshwa na dawa mara hamsini kwa siku, na kila alipokunja vidole alifumba macho kidogo. Wakili hakuwa naye. Aliyepangiwa alikuwa amelazwa tangu Ijumaa, na wa akiba alikuwa karantini.

“Naanza upya,” Mkaguzi alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na hakuwahi kupandisha sauti katika chumba kile hata siku moja. “Tarehe kumi na tisa, Jumatatu, saa mbili asubuhi, mtu aliingia kwenye mfumo wa hospitali yenu kutoka nje. Aliingia kwa jina lako na pasiwedi yako. Kufika saa tatu mafaili ya wagonjwa wote yamefungwa, na kila kompyuta inaonyesha tangazo la kudai malipo. Saa sita mgonjwa wa wodi yako akachomwa dawa ambayo faili lake lilikuwa linakataza, akafa.”

“Namjua. Nilimfunga mimi mwenyewe ile shuka.”

“Basi niambie. Pasiwedi yako ilimfikiaje huyo mtu?”

“Sijui.”

“Ulimpa nani?”

“Sikumpa mtu wa nje.”

Mkaguzi aliandika maneno mawili ya mwisho, *wa nje*, akayapigia mstari.

“Barua pepe ya barakoa uliifungua?”

Barua ile kila mtu mjini alikuwa ameshaisikia. Ilijifanya inatoka wizarani, ikiahidi barakoa na magauni ya kujikinga kwa wodi itakayojaza fomu upesi, na fomu yenyewe ilikuwa ikiomba jina na neno la siri. Hospitali tatu zilikuwa zimeingia mkenge kwa sababu zilikuwa hazina barakoa. Njaa haichagui mpishi.

Sista alicheka bila raha. “Afande, tangu ugonjwa uingie sijafungua hata barua ya mwanangu. Nenda kaangalie.”

“Nitaangalia. Kuna kitu kingine unataka kuniambia?”

“Wasichana wangu wanne na yule kaka wa zamu wako kazini?”

“Wako.”

“Hawajui kitu. Andika hivyo. Wodi ni yangu, pasiwedi ni yangu, kosa likiwepo ni langu.”

Mkaguzi alifunga daftari. Mtu asiyeulizwa habari za watoto akaanza kuwatetea, huyo ana jambo analoficha, na mara nyingi jambo lenyewe si lile aliloshitakiwa nalo.

Nje ya mlango alifungua droo ya chuma, akachukua simu yake. Amri ya kitengo ilikuwa hivyo: hakuna simu kuingia chumba cha mahojiano, hata ya mkubwa wa kazi.

Mkuu wa Kitengo alikuwa anamsubiri kwenye korido, amesimama karibu na dirisha kama daktari alivyomshauri. Kitengo kilikuwa na watu kumi na wanne kabla ya ugonjwa. Sasa walikuwa sita, na mafaili yameongezeka mara tatu. Watu walifungiwa majumbani, na wezi nao hawakukaa bure. Kulikuwa na wauza chanjo za uongo, na wachangishaji wa mayatima wasiokuwepo. Jambazi mmoja wa siku nyingi, ambaye Mkuu alishamkamata mara mbili kwa kuvunja maduka, safari hii alipatikana kwake, amekaa mbele ya kompyuta, amevaa barakoa peke yake chumbani.

“Vipi?” Mkuu aliuliza.

“Anaficha kitu. Lakini si kuuza.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Mkuu alisema. Aliipenda methali hiyo kuliko jina lake. “Ameuza au amechotwa akili, yote ni jela. Kuna maiti hapa. Saa tisa alasiri faili liende kwa mwendesha mashtaka, na sista apelekwe mahabusu ya gereza.”

“Mle wanaugua mia mbili, Mkuu. Ana miaka hamsini na sita na sukari.”

“Kwa hiyo niletee mwingine kabla ya saa tisa.” Alitazama uani. “Na kama kwenda kule kunakuwia vigumu, sema. Nitamtoa mtu mahali.”

“Hukuniona nikilia ulipokuwa unanipa faili.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Mama yake Mkaguzi alifia katika hospitali ile ile, wodi ile ile, wiki tatu zilizopita. Kwa sheria ya kazi hakutakiwa kuligusa faili hilo, na wote wawili walilijua hilo. Lakini mpelelezi wa kwanza alikuwa anapumulia mashine, wa pili alikuwa amefiwa na mume, na wa tatu hakuwepo.

“Hakuniwii vigumu,” Mkaguzi alisema, akaenda zake.

*

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa na chumba chini ya ngazi, chenye baridi na kelele za mashine. Alikuwa kijeba mwenye miwani iliyojaa ukungu wa pumzi yake mwenyewe, na alikuwa na hasira za mtu aliyeonya kabla.

“Niliwaambia,” alianza kabla ya salamu. “Zamani mfumo huu uliingilika humu ndani tu. Ukiwa nje ya geti, huupati hata ulie. Ugonjwa ulipokuja, makarani wakaamriwa wafanyie kazi majumbani. Nikaambiwa fungua njia, leo leo. Nikafungua. Jina na pasiwedi basi, unaingia ukiwa kitandani kwako. Nikaomba tuweke kufuli la pili, namba inayokuja kwenye simu. Nikaambiwa tusubiri ugonjwa uishe.”

“Uligombana na Sista.”

“Nani hajagombana na Sista?”

“Mashahidi wawili wanasema ulimwambia, ‘Iko siku utaniita ukiwa unalia.’”

“Nilisema. Na ameniita. Lakini hakulia.” Fundi alivua miwani, akaifuta. “Afande, tarehe kumi na tisa nilikuwa ghorofa ya tatu, nimelazwa siku ya sita. Mipira ya oksijeni puani. Waulize.”

Mkaguzi alikuwa ameshauliza. Fundi alikuwa mtuhumiwa mzuri, ila alikuwa na karatasi ya kulazwa nzuri zaidi.

“Nifungulie barua za Sista.”

Fundi aligonga vibonye. Barua mia nne na kumi na mbili, zote hazijasomwa. Ile ya barakoa ilikuwemo, ya mia na tisini kutoka juu, nayo haijaguswa. Sista alisema kweli, na nusu ya kesi ya Mkuu ikafa pale pale.

“Sasa nionyeshe mlango. Nani aligonga, saa ngapi.”

“Ripoti mnayo.”

“Ripoti ina mstari mmoja. Saa mbili na dakika nne, ameingia. Mimi nataka ya juu yake.”

“Juu yake ni makosa tu. Watu hukosea.”

“Nichapie makosa.”

Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Mkaguzi aliiweka juu ya kisanduku cha mashine, akaisoma kwa ncha ya kalamu. Kabla ya saa mbili na dakika nne, mtu yule yule, kutoka mahali pale pale nje ya nchi, alikuwa amejaribu na kukataliwa mara saba.

“Unaweza kuona aliandika nini?”

“Haitakiwi kuonekana. Lakini mfumo huu ni wa kizamani, unahifadhi.” Fundi alionekana kuona haya kwa niaba ya mfumo. “Hizo hapo.”

Neno la siri la Sista lilikuwa na herufi na namba nane. Jaribio la kwanza lilikuwa na saba, zote sahihi, ya mwisho haipo. La pili lilikuwa na zile zile saba, mwisho sifuri. La tatu, mwisho moja. Kisha mbili, tatu, nne, tano. Alipoweka sita, mlango ukafunguka.

“Mbona mfumo haukumfungia? Benki wanakufungia ukikosea mara tatu.”

“Ulikuwa unafungia. Manesi wakalalamika. Wanavaa glavu pea mbili, vidole vinakuwa kama ndizi, wanakosea kila mara. Nikaambiwa toa.”

Mkaguzi aliitazama karatasi muda mrefu. Mtu aliyepewa neno la siri hupewa lote. Aliyeuziwa hudai lote. Barua ya uongo nayo huliteka lote, mpaka nukta. Huyu alikuwa na herufi saba bila shaka hata kidogo, na ya nane hakuwa nayo kabisa.

“Huyu hakuambiwa,” alisema. “Huyu aliona.”

“Aliona wapi, na yuko nje ya nchi?”

“Pasiwedi hii imeandikwa wapi, Fundi?”

Fundi aliinua mikono yote miwili. “Mimi wodini sijawahi kuingia kwa miguu yangu. Niliingizwa kwa kitanda.”

*

Ilimchukua robo saa kuvaa. Gauni, glavu pea mbili, barakoa nene, ngao ya plastiki usoni. Kufika mlango wa wodi, ngao ilikuwa imeshapanda ukungu, na dunia yote imekuwa kama inaonwa kupitia mfuko wa nailoni.

Nesi wa zamu alimpokea. Kifuani, juu ya gauni, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KAKA. Wote walijiandika, maana wagonjwa walikuwa hawaoni sura. Wengine waliandika cheo. Huyu aliandika kile walichomwita.

Vitanda vilikuwa sita, vitatu upande huu, vitatu upande ule. Vya nne, tano na sita viliegemea ukuta wa kulia. Mbele ya cha nne, mkabala, palikuwa na meza ndogo yenye kompyuta. Mkaguzi aliketi kwenye kiti cha meza hiyo, akaweka mikono juu ya vibonye kama mtu anayetaka kuingia kwenye mfumo. Herufi za vibonye alizibahatisha. Kisha akainua macho mbele yake.

Juu ya kichwa cha kitanda cha nne, ukutani, rangi ilikuwa imebanduka sehemu nne, kila moja kama ukucha wa dole gumba. Ukiunganisha hizo sehemu nne unapata mraba.

“Kaka. Hapa palikuwa na nini?”

Mgonjwa wa kitanda cha tano alikohoa, na Kaka akaenda kumwinulia mto ambao ulikuwa hauna tatizo.

“Palikuwa na maelekezo ya kunawa mikono.”

“Ya kunawa mikono yapo mlangoni, na pale, na pale. Kaka, Sista wako anapelekwa gerezani saa tisa. Hajala tangu jana. Amekataa kusema chochote isipokuwa kwamba nyinyi hamjui kitu.”

Nyuma ya ngao, macho ya Kaka yalijaa maji, na hakuwa na namna ya kuyafuta.

“Mfumo unakutoa nje kila dakika tano,” alisema. “Tuko watano, kompyuta moja, kila mtu na pasiwedi yake, na ngao hizi huoni hata pua yako. Mgonjwa anakata roho, wewe unatafuta herufi. Sista akasema tutumie yake wote. Akaandika kwenye kifuniko cha boksi la dripu, herufi kubwa kama kiganja. Mstari wa juu jina, wa chini pasiwedi. Kila tarehe mosi mfumo unataka mpya, naye anaandika upya. Siku ile mambo yalipoharibika alikibandua mwenyewe. Akasema, ‘Hiki changu. Nyinyi hamjawahi kukiona.’”

“Nani aliingia humu kutoka tarehe mosi hadi kumi na tisa?”

“Hakuna. Hata padri na shehe wanaishia getini. Sisi watano, daktari na wagonjwa. Na wagonjwa wa upande huu, ukuta uko nyuma ya vichwa vyao; wa upande ule hawawezi hata kuinua kichwa.”

Hapo kesi ilisimama. Mkaguzi alikaa kwenye kiti kile akisikiliza mashine zikipumua kwa niaba ya watu. Maneno yalikuwa ukutani, watu wa nje hawaingii, na mtu wa nje ameyaona. Akageuka, akatazama meza ya magurudumu iliyoegeshwa miguuni pa kitanda cha tano. Juu yake palikuwa na kishikio cha plastiki, kitupu.

“Hicho cha nini?”

“Cha tableti. Ya kuagana.” Kaka alishusha sauti. “Ndugu hawaingii. Kwa hiyo mgonjwa akizidiwa, Sista anampigia mtu wake kwa video. Tunaiweka miguuni, inamtazama mgonjwa. Wanaonana.”

“Inamtazama mgonjwa, na nyuma ya mgonjwa?”

Kaka alifungua mdomo. Hata kwa barakoa ilionekana.

“Lete kipande cha boksi,” Mkaguzi alisema.

Kitanda cha nne kilikuwa wazi tangu asubuhi. Kaka aliandika herufi nane zozote kwenye boksi, akalishikilia pale penye madoa manne. Mkaguzi aliisogeza meza ya magurudumu mpaka miguuni pa kitanda, akachuchumaa, akaweka jicho lake pale ambapo tableti hukaa. Herufi zilisomeka hata kwa ukungu. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Ya nane hakuiona. Mlingoti wa stendi ya dripu ulikuwa umesimama mbele yake sawasawa.

“Stendi hiyo hukaa hapo siku zote?”

“Soketi ya pampu iko upande huo. Haina pa kwenda.”

“Na kwa kitanda cha tano au cha sita?”

“Hapana. Huko tableti inatazama ukuta mtupu.”

“Simu za kuagana mnaziandika?”

Sista aliandika kila kitu. Lilikuwa daftari la shule la kurasa themanini, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki ili lipulizwe dawa. Kila mstari: tarehe, kitanda, aliyepigiwa, uhusiano, saa. Kaka alifungua mwezi huu. Kitanda cha nne, baada ya tarehe mosi, kilikuwa na mistari miwili. Mmoja wa tarehe nne: mzee, mtandao ulikataa, hakuagana. Wa pili ulikuwa wa tarehe saba.

Mkaguzi aliusoma akiwa amesimama. *Kitanda 4. Mama. Binti mkubwa: hakupokea. Hakupokea. Hakupokea. Kitinda mimba: amepokea, saa tano na nusu asubuhi.* Pembeni ya neno “hakupokea” la kwanza Sista alikuwa ameandika namba ya simu. Mkaguzi aliijua namba hiyo kwa sababu ilikuwa yake.

“Huyu namkumbuka,” Kaka alisema, akichungulia juu ya bega lake. “Mama mcheshi. Alikuwa anatuita maharusi kwa sababu ya haya magauni. Tulimsubiri binti yake dakika ishirini. Sista akasema jaribu tena, jaribu tena, huyu hafi kabla ya kuongea na mkubwa wake. Sijui alikuwa wapi binti huyo.”

“Kazini,” Mkaguzi alisema.

Kaka alimtazama, akatazama daftari, kisha akatazama sakafu.

*

Saa saba na robo alikuwa kwenye gari, uwanja wa hospitali, vioo vimefungwa. Simu iliita mara moja tu.

“Dada.”

“Ile video ya mama. Uliirekodi?”

“Si niliituma kwenye kundi la familia siku ile ile?”

“Na kwingine?”

“Niliiweka kwenye ukurasa wangu. Wazi.”

“Kwa nini?”

“Dada, mazishini tuliruhusiwa watu kumi tu! Mama aliyezalisha nusu ya mtaa. Watu walikuwa wananipigia wanalia, hawakumwona, hawakumzika. Nikasema basi wamwone hapo, waage. Wameitazama elfu tatu. Nilifanya vibaya?”

“Hapana.”

“Sasa mbona unauliza leo? Wewe huijui? Hukuitazama?”

“Nimeitazama.”

“Ungekuwa umeitazama, ungekuwa umenipigia,” mdogo wake alisema taratibu. “Maana amekutaja.”

Mkaguzi aliangalia nje. Mlinzi alikuwa anapuliza dawa mkono wa mzee aliyeleta chakula na kukatazwa kuingia nacho.

“Chini ya video watu waliandika pole,” alisema. “Kuna usiyemjua aliyeuliza swali?”

“Wengi siwajui. Ngoja.” Alisikika akipekua. “Kuna mmoja hapa, hana picha. Tarehe kumi na sita. ‘Pole sana kwa msiba. Mama alilazwa hospitali gani?’ Nikamjibu. Nikamtajia, nikamwambia ahsante ndugu. Akasema Mungu awatie nguvu.” Sauti ya mdogo wake ilibadilika. “Dada, nimefanya nini?”

“Umemjibu mtu aliyekupa pole. Usifute kitu. Usiguse hata kimoja. Nakuja kuichukua simu yako.”

“Nitafungwa?”

“Utaandika maelezo. Nawa uso, vaa barakoa, nisubiri mlangoni.”

Alikata. Kisha akafungua kundi la familia, akapanda juu, juu, akapita salamu na dua na picha za maua, mpaka tarehe saba. Video ilikuwa pale, mshale wake katikati, haijawahi kufunguliwa kwenye simu hiyo. Kwa wiki tatu alikuwa ametembea na ushahidi mfukoni, na Sista akilala rumande siku tisa, kwa sababu aliogopa kumwona mama yake. Hilo alijiambia wazi, akaona aibu, akaweka daftari juu ya usukani.

Hakubonyeza. Kielelezo hakifunguliwi ovyo. Aliwasha gari.

*

Bi Taipu alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Alikuwa mpiga chapa wa kitengo tangu mashine za utepe, na utaratibu aliujua kuliko Mkuu: kielelezo chenye sauti kinachapwa neno kwa neno, na mtu mwingine, mbele ya mpelelezi aliyekileta. Kila sehemu yenye ushahidi inasikilizwa mara tatu. Anayetajwa bila jina anaelezwa kwenye mabano.

Saa nane na dakika ishirini, Mkuu alisimama mlangoni akiwa na karatasi ya Fundi mkono mmoja na nakala ya daftari la Sista mkono wa pili. Alikuwa amesoma yote mara mbili.

“Asiye na picha tumwachie nani?” aliuliza.

“Yeyote utakayempata. Kesho si mimi tena.”

“Si wewe, hapana. Na mdogo wako ataitwa mahakamani.”

“Anajua. Sista je?”

“Ikiandikwa kama ulivyoeleza, kwamba herufi saba zinaonekana na ya nane imefichika, atakuwa na kesi ya uzembe kwa mwajiri wake, si yangu. Leo analala kwake.” Mkuu alifungua mdomo, labda kwa methali yake, akaufunga. “Unaweza kusubiri nje. Nitasema ulikuwepo.”

“Mpelelezi awepo. Ndivyo ilivyoandikwa.”

Akaketi kando ya Bi Taipu, mita moja tu, kwa sababu waya wa spika ulikuwa mfupi. Bi Taipu akaweka miwani. Akabonyeza.

Uso ulikuja, mdogo, umepungua, mipira puani. Nywele zake mtu alikuwa amezisuka vizuri, mistari miwili. Mkaguzi hakuwa amefikiria kwamba mtu angemsuka. Nyuma ya kichwa kile palikuwa na boksi, na herufi nyeusi kubwa, na mlingoti wa stendi ukikata ile ya mwisho.

“Sekunde ya kumi na moja,” Mkaguzi alisema. “Herufi saba. Ya nane haionekani. Andika.”

Bi Taipu akaandika. “Nisimamishe hapo? Ushahidi umepatikana.”

“Utaratibu unasemaje?”

“Mpaka mwisho.”

Akaendelea. Sauti ya mama ilitoka na kelele za oksijeni. *Mkubwa wangu yuko wapi?* Sauti ya kitinda mimba, karibu na simu: *Yuko kazini, mama. Simu yake haipokelewi.* Kifua kilipanda na kushuka. *Kazini. Basi msimsumbue. Atakuja akimaliza.* Halafu, akigeuza macho pembeni, kwa mtu asiyeonekana ambaye bila shaka ni Sista: *Mwanangu, wewe umekula?*

Bi Taipu alikuwa anachapa bila kutazama vidole, kama alivyozoea. Akasita.

“Afande, hapa pana mtu ametajwa bila jina. Anasema ‘mkubwa wangu’. Kwenye mabano niandike ni nani?”

Mkuu aligeukia korido. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini na mbili, na chini, kaunta, Sista alikuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa vitu vyake mapajani, hajui bado atapelekwa wapi.

“Andika ni mimi,” Mkaguzi alisema.

Bi Taipu aliandika. Aliitoa barakoa yake kidogo, akajipangusa pua, akairudisha. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tu na zilibaki mbili, akairudisha video mwanzo, na mama akauliza tena.